Kitanda cha Beki

Mama yangu hadi leo anavundika mihogo. Anaishi Louisville, ana jiko la umeme, na duka la Wakongo liko dakika tano kutoka mlangoni kwake, unga wa muhogo umejaa rafu nzima. Lakini yeye atanunua mihogo mibichi, ataimenya, ataitia kwenye ndoo na kuifunika siku nne. Siku ya kufunua ndoo mimi hufungua madirisha yote. Wengine harufu ile huwakumbusha Burundi, au kambi ya Kigoma tulikotoka. Mimi hunikumbusha glovu za kaka yangu Gadi.

Glovu za hoki ya barafuni, nisieleweke vibaya. Aliyewahi kuishi nyumba moja na mchezaji wa hoki hahitaji maelezo. Zinalowa jasho, zinafungiwa kwenye begi, zinaanikwa karibu na hita, zinalowa tena kabla hazijakauka. Kwetu Buffalo zilianikwa hatua mbili kutoka mahali nilipoweka kichwa changu nikilala, na sikuwahi kulalamika. Nilikuwa nampenda kaka yangu kupita kiasi, na mtoto akipenda hivyo hata pua yake inamtii.

Basi wiki iliyopita ndoo ilikuwa wazi, baba ameketi kwenye kochi na blanketi miguuni, nami nilikuwa nimekuja kuwasalimu, mara binamu akanitumia video. Gadi amestaafu. Goti limekataa. Beki wa kulipwa, miaka yote hiyo ya kugonga watu na kugongwa, ameketi kwenye kiti kizuri, na mwandishi anamuuliza alianzia wapi. Gadi akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema kwa Kiingereza: "Besmenti ya Roger na Linda, kule Hilliard. Kila kitu nilijifunzia pale. Wale ndio watu wangu."

Kiingereza cha baba ni cha kazini tu. "Anasemaje?" akaniuliza.

"Anawashukuru watu waliomsaidia."

"Ametutaja?"

"Video wameikata, baba. Si yote hii."

Nilimdanganya, na haikuwa mara ya kwanza. Lakini siku ile sikuwaza uongo wangu, niliwaza wa Gadi. Maana besmenti aliyojifunzia haikuwa Hilliard. Ilikuwa yetu, mtaa wa Riverside kule Buffalo, chumba cha chini ya nyumba ya mbao tuliyopanga mitaa miwili kutoka mtoni, na ndani yake alikuwemo kipa mmoja tu, na kipa huyo nilikuwa mimi.

Hoki yenyewe iliingia kwetu kwa sababu baba aliogopa karatasi. Shuleni waligawa tangazo la kualika watoto wajifunze kuteleza barafuni bure, vifaa vya kuazima. Lilikuwa na nembo juu. Baba alikuwa ametoka kambini, ambako karatasi yenye nembo ilikuwa amri, na asiyeitii anaweza kukosa mgao wake. Akaisaini siku ileile, na Jumamosi akamshika Gadi mkono, wakatembea kwenye theluji hadi uwanjani, akidhani mtoto asipofika tutaitwa ofisini. Alipokuja kugundua kwamba haikuwa lazima, Gadi alikuwa ameshajua kurudi kinyumenyume kwa kasi kuliko wengine walivyokwenda mbele, na kocha hakutaka kumwachia.

Mama alikwenda kumtazama mara moja akaapa hatarudi. "Wanapigana, na refa anaangalia tu," alisema, na hadi leo hajabadili maneno. Baba yeye alikwenda kila alipopata nafasi. Shida yake ilikuwa moja: mwanawe hafungi magoli.

"Kwa nini hufungi?" alimuuliza siku moja mezani.

"Mimi beki, baba. Kazi yangu ni wao wasifunge."

Baba akaweka kijiko chini. Kambini alikuwa sungusungu, mmoja wa wale wanaume waliozunguka na rungu na tochi kulinda vibanda vya watu. "Kumbe wewe ni sungusungu!" akasema, na uso wake ukafunguka kabisa. Tangu siku hiyo akawa anajisifu kanisani, na waumini waliokuwa hawajawahi kuona hoki wakaelewa vizuri sana kazi ya Gadi ni nini.

Mazoezi yetu yalikuwa kila siku baada ya shule. Besmenti ilikuwa na sakafu ya saruji, mashine ya kufulia, na balbu moja ya kuvuta kamba. Godoro kuukuu lilisimamishwa ukutani likawa goli. Mimi nilifungwa mto kifuani kwa kitenge cha mama, nikapewa mfuniko wa sufuria kubwa. Gadi alisimama mbele yangu na fimbo yake, akigongesha mpira ukutani na kuuwahi ukirudi, akinilinda dhidi ya maadui ambao hawakuwepo, kisha anageuka na kuwa adui yeye mwenyewe. Hakuniita jina langu. Aliniita Kipa. "Kipa, macho! Kipa, usifumbe macho!" Mimi nilifumba kila mara, na nusu ya mipira niliizuia kwa bahati.

Siku moja mpira haukutosha, akataka kile kisahani cheusi chenyewe wanachochezea, cha mpira mgumu kama gurudumu la gari. Aliahidi kukipiga polepole. Kilinipata mdomoni. Mpaka leo jino langu la mbele lina pembe iliyokatika, na kila daktari wa meno huniuliza nilifanyaje. Gadi alipiga magoti pale kwenye saruji, ananifuta damu kwa soksi yake, analia kuliko mimi, maana mama angejua hoki ingekwisha siku hiyohiyo. Nikapanda juu nikamwambia mama nimeanguka kwenye ngazi. Nilipigwa kwa kukimbia ngazini.

Jioni hiyo, jua bado halijazama, Gadi alikaa nami kwenye ngazi za nyuma na kuniahidi. "Nikifika ligi kuu wataniuliza nilijifunzia wapi. Nitasema besmenti ya nyumbani kwetu. Na nitasema kipa alikuwa nani." Nilimwambia arudie, akarudia. Niliitunza ahadi ile kama watoto wengine wanavyotunza hela za kibubu, na nilikuwa naifungua kichwani kila niliposikia jina lake likisemwa kwenye kipaza sauti.

Hapa lazima nieleze habari ya kitanda. Gadi alikuwa na kitanda cha kweli, cha mbao, tulichopewa na watu wa kanisa, kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko. Mimi nililala kwenye godoro kule besmenti na wadogo zangu wawili, na mmoja wao alikuwa kikojozi. Sisemi hivyo kumwaibisha, sasa ni mtu mzima na ana gari zuri. Nasema ili ieleweke kwamba kitanda kile nilikuwa nakitazama.

Gadi alipofika miaka kumi na mitano akaja mwanamume mmoja wa timu ya vijana ya Columbus. Hoki ina desturi yake: mtoto akiwa mzuri anaondoka kwao, anakwenda kuishi kwa familia asiyoijua iliyo karibu na uwanja, nao wanamlisha na kumpeleka mazoezini alfajiri. Gadi angekaa Hilliard, kitongoji cha Columbus, kwa Roger na mkewe Linda, ambao watoto wao walikuwa wameshakua na kuondoka. Mama alikataa mwezi mzima. "Columbus kumejaa Warundi. Kwa nini akalelewe na watu tusiowajua kabila wala kanisa?" Baba ndiye aliyemlainisha. Alisema kulelewa nje si jambo geni, yeye mwenyewe alilelewa kwa mjomba wake, la muhimu ni kumkabidhi mtoto kwa heshima.

Mimi niliambiwa wa mwisho. Si Gadi aliyeniambia, ni mama, akiwa anakunja nguo zake. Nilishuka besmenti nikavuta kamba ya balbu na kukaa nimeegemea lile goli. Niliumia vibaya. Kila siku tulikuwa pamoja saa nzima, na alikuwa analijua jambo hili mwezi mzima, ananipigia mipira na kunyamaza. Na katika hasira hiyo akili yangu ya miaka kumi ikapiga hesabu yake. Mama alikuwa ametusimulia mara nyingi kwamba kambini mtu akiondoka, jina lake hufutwa kwenye kadi, na blanketi lake hupewa anayebaki. Nikaona ni haki. Yeye amechagua kuondoka, mimi nitachukua kitanda.

Tulikwenda Hilliard sote, mwendo wa saa tano barabarani. Baba alivaa koti la harusi. Mama alibeba sufuria ya ndizi na maharage iliyofungwa kwa vitenge viwili, na kreti ya soda na kreti ya bia, maana mtoto hakabidhiwi mikono mitupu. Roger na Linda walitupokea vizuri. Walikuwa wametuandalia jibini na biskuti ndogondogo, wakashangaa sana kuona sufuria. Gadi alishuka kwenye besmenti yao kupanga nguo zake, kwa sababu chumba chake kilikuwa huko, chenye zulia. Nilichungulia mara moja kutoka juu ya ngazi nikachukia lile zulia.

Kisha baba akasimama. Kwetu makabidhiano hayafanywi mtu ameketi, na hayasemwi kwa mkato. Alinisimamisha kando yake nitafsiri. Roger alipoona mtu mzima amesimama na kukunja mikono, alidhani ni sala, akainamisha kichwa.

"Ndugu zetu," baba akasema, "tumekuja na mtoto wetu. Tangu leo si wetu tena, ni wenu. Akikosea mkanyeni, akiugua muuguzeni. Akija kuwa mtu, awe mtu wenu."

Kila Mrundi anajua kinachofuata. Mwenyeji husimama naye akasema hapana, mzazi, mtoto ni wako, sisi tunamshika mkono tu. Ndiyo heshima yenyewe: wewe unatoa chote, mwenzako anakurudishia chote, kisha mnakunywa. Niliwahi kusikia hivyo kwenye sherehe zaidi ya kumi. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule, na nilijivuna. Baba akaongeza maneno mengine, nami nikayafupisha.

Linda alikuwa analia. Alikuja akamkumbatia baba, koti la harusi likakunjamana. Roger akasema, "Asanteni. Tutamtunza kama wetu." Baba akabaki amesimama, anasubiri. Akanitazama mimi, kama kuna kipande nilichosahau kumtafsiria. Hakikuwepo. Mwisho akakaa, na mama akaanza kugawa soda.

Gadi alipanda kutuaga. Baba alimpa mkono, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mwanamume. Mama alimshika kichwa akamwombea. Mimi nilisema kwaheri nikiwa ndani ya gari tayari. Tulikuwa tumeshapita mji wa Erie ndipo baba aliposema, "Hawakunirudishia neno."

"Hawajui," mama akamjibu. "Si desturi yao."

Mwanzoni kitanda kilibaki kimetandikwa kitenge. Lakini baba alifanya kazi usiku ghalani na kulala mchana, mama alikuwa na mtoto mchanga, na baridi ya Buffalo mnaijua. Kwanza nililala juu ya kitenge, baadaye chini yake. Nikahamisha nguo zangu, kisha michoro yangu ya shule nikaibandika ukutani. Hakuna aliyenifukuza.

Krismasi Gadi akaja, mchana, na begi lake linalonuka. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, nami nikamfuata nikirukaruka. Akasimama mlangoni. Akatazama michoro, akatazama kitanda, akanitazama mimi.

Baba akasema kutoka sebuleni, "Mpishe kaka yako kitanda chake."

"Hapana, baba," Gadi akajibu. "Nitalala kwenye kochi. Sitakaa sana."

Alijibu kwa Kiingereza. Zamani alikuwa akimjibu baba kwa Kiswahili. Nikadhani ameshazoea magodoro mazito ya Hilliard na anakidharau kitanda chetu. Nilimwambia tushuke besmenti akanipigie mipira, akasema goti linamuuma. Nilimwamini, kisha baadaye siku hiyohiyo nikamwona anateleza mtaani na watoto wa jirani. Hapo ndipo nilipoanza kumhesabu kuwa msaliti, na miaka iliyofuata ilinipa ushahidi wa kutosha.

Alipanda daraja kwa daraja. Ligi za vijana, kisha ligi ndogo za kulipwa, za kulala kwenye mabasi, kisha siku moja ligi kuu. Sisi tulikuwa tumehamia Louisville, baba alikofuata kazi ya maghala ya mizigo. Simu zake zilipungua. Hela alileta, sitamsingizia, lakini alileta hela kama mtu anayelipa bili. Timu yake ilipokwenda kucheza Columbus alitupa tiketi, tukaendesha saa tatu na nusu. Baba alivaa lile koti. Gadi alicheza vizuri mno siku ile, kila aliyekuja upande wake alirudi alikotoka, na baba alikuwa anapiga kelele, "Sungusungu! Sungusungu!" mpaka watu wa mbele yetu wakageuka. Baada ya mchezo familia za wachezaji zinaruhusiwa kushuka kuwaona. Kijana wa mlangoni akapitisha kidole kwenye orodha aliyoiandika Gadi. Roger na Linda walikuwemo. Sisi hatukuwemo. Linda alitaka kutushika mkono tuingie naye, baba akamshukuru akasema tuna safari ndefu. Mama alilia hadi mpaka wa Kentucky. Mimi sikulia, mimi niliapa.

Kwa hiyo nilipomsikia kwenye video ameitoa hata besmenti yetu, nilitoka barazani nyuma ya nyumba ya wazazi nikampigia. Sikumsalimu.

"Uliniahidi," nikamwambia. "Nina jino bovu kwa ajili yako mpaka leo. Umewapa besmenti yetu watu wengine mbele ya dunia nzima, na baba amekaa pale anauliza kama ametajwa."

Alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake. "Nyinyi mlinipa mimi kwanza," akasema.

"Nani alikupa?"

"Baba. Nilikuwa chini napanga nguo. Linda akashuka macho mekundu, akaniambia, baba yako amesimama mbele yetu, amesema wewe si wao tena, ni wetu."

"Gadi, ile ni heshima tu! Kila mzazi wa kwetu husema hivyo."

"Ningejuaje? Nilitoka kambini nina miaka saba, na sherehe zenu zote za Jumamosi mimi nilikuwa barafuni. Nikapanda juu, baba akanipa mkono kama mtu wa ofisini. Nikasema labda Linda hakuelewa, nisubiri Krismasi nione. Krismasi nikaja, nikakuta michoro yako ukutani." Akavuta pumzi. "Basi nikajua Linda alielewa vizuri."

Nikakaa kwenye ngazi. Kwa sababu yale maneno mengine ya baba, yale niliyoyafupisha, sijawahi kuyasahau hata siku moja. Nilikuwa nimeyaweka mahali nisipopita.

"Baba aliendelea," nikamwambia. "Baada ya kusema ni wenu, alisema hivi: 'Lakini kitanda chake kiko palepale. Hatakilalia mtu. Siku yoyote atakayorudi, atakikuta kimetandikwa.'"

"Linda hakuniambia hilo."

"Hakulisikia. Mimi nilisema, baba anasema asanteni sana."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu kubwa, inayolingana na miaka yote ile, na haikuwepo. "Nilikitaka kitanda," nikasema.

Nikaitazama simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Nilikuwa na miaka kumi, Gadi."

"Na mimi nilikuwa na kumi na tano," akasema. Hilo alilisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha nyumbani ambacho sikuwa nimekisikia mdomoni mwake tangu tukiwa Riverside. Kisha akakata.

Nilikaa barazani muda mrefu. Nilijaribu kurudisha hasira yangu, nimeishi nayo tangu utotoni na nilikuwa nimeizoea, lakini kila nilipoishika ilikuwa na jina langu. Harufu ya mihogo ilikuwa inatoka dirishani. Mwishowe nikaingia ndani. Mama alikuwa jikoni anaosha ndoo. Baba alikuwa palepale kwenye kochi, ameshanisikia nikipiga kelele na ananisubiri.

"Amesemaje kaka yako?" akauliza.

Nilikuwa na jibu tayari, kwamba anakusalimu, ana mambo mengi siku hizi. Nimekuwa mdomo wa baba yangu tangu nikiwa na miaka saba, kwa madaktari, kwa wenye nyumba, kwa mabosi wake, na hajawahi kunihoji hata mara moja. Nikavuta stuli nikakaa mbele yake, karibu, magoti yangu yakagusa blanketi.

"Baba," nikamwambia, "unakikumbuka kile kitanda cha Gadi?"

"Nakikumbuka," akasema. "Ulikipenda sana."